Kubadili shuu za handibreki kwenye gari yenye diski nyuma: nyota kwanza, waya mwisho

Watu wengi wakishaona diski kwenye tairi za nyuma wanajua basi, gari haina shuu, ni padi tupu. Sasa siku handibreki inaanza kulegea, unavuta mpaka mkono unasimama wima na gari bado inateleza, wanabadili padi za nyuma, hakuna kitu, wanakaza waya, wiki mbili nzuri, halafu imelegea tena. Mimi nilipita humohumo. Fundi alinikazia waya mara tatu, kila mara naambiwa sasa imekaa, mpaka jioni moja nikapaki kwenye mteremko, nimeshuka nafunga mlango nikaona kabisa ukuta wa pembeni "unatembea". Gari ndo ilikuwa inaondoka. Niliruka ndani nikakanyaga breki. Kesho yake nilivyofungua mwenyewe nikakuta lainingi, yaani ile nyama ya kusugulia, ya shuu moja imebanduka nzima kama gamba la mti, iko vipande vipande ndani ya dramu, chuma kitupu kinagusa chuma. Hakuna waya duniani ambao ungesaidia pale.

Kwahiyo naandika hii kwa mtu mwenye spana zake na siku nzima ya nafasi, ambaye ameshawahi kubadili padi na hapati shida kutoa tairi. Kazi yenyewe haina siri kubwa ila ina springi ndogo ndogo za kuudhi na ina sehemu moja ambayo karibu kila mtu anaikosea, nayo ni kuseti mwishoni. Hapo ntakaa sana.

Kwanza uelewe kilichomo. Diski ya nyuma ukiitoa ukaigeuza utaona katikati imeinuka kama sufuria, na ndani ya hiyo sufuria kuna ukuta laini wa mviringo. Hiyo ndo dramu ya handibreki, ndogo, kwenye magari madogo na ya kati kipenyo chake mara nyingi kiko kati ya milimita 170 na 210. Ndani yake kuna shuu mbili nyembamba zinazotanuka ukivuta handibreki. Padi zinabana diski kwa nje kwa nguvu ya mafuta ya breki, shuu zinafanya kazi ndani kwa waya tu, hakuna tone la mafuta linalohusika. Maana yake kazi hii haifungui mfumo wa mafuta, hutoi hewa, hukati hozi. Ukijikuta unafungua nati ya hozi ya breki ujue umepotea njia, simama.

Sio kila gari yenye diski nyuma iko hivi lakini. Zipo ambazo waya wa handibreki unaenda moja kwa moja kwenye kimkono kidogo juu ya kalipa, na hizo handibreki inatumia padi zilezile, hakuna shuu popote. Zipo kama Land Rover Defender za zamani ambazo handibreki iko kwenye propela shafti nyuma ya gia boksi, haiko kwenye tairi kabisa. Namna ya kujua ni rahisi, piga magoti uangalie waya unaishia wapi: waya ukiishia kwenye kalipa, maelezo haya sio yako, ukiingia nyuma ya lile bati la mviringo lililo nyuma ya diski, unazo shuu. Za kubonyeza batani ni habari nyingine, kuna zenye mota kwenye kalipa na kuna zenye mota inayovuta waya wa shuu, na zote zinatakiwa ziwekwe kwenye hali ya sevisi kwanza kwa utaratibu wa kitabu chake au mashine ya kusomea gari, usizilazimishe kwa bisibisi.

Kitu kingine, shuu hizi hazitakiwi kuisha haraka. Fikiria, zinashika gari ikiwa imesimama, hazisuguani na kitu ukiwa barabarani. Shuu za namna hii zinaweza kukaa miaka na miaka. Kwahiyo ukikuta zimekufa jiulize zimeuliwa na nini, sababu ukiweka mpya bila kutoa muuaji zitakufa na hizo. Wauaji ni wachache tu: mtu ameendesha handibreki ikiwa juu, au waya umeshika kutu ndani ya gamba lake haurudi vizuri ukishusha, au kutu imeingia chini ya lainingi ikaiinua kwenye chuma kama ilivyokuwa kwangu, au oili sili ya ekseli inavuja na shuu zimeloa. Hiyo ya mwisho usiidharau, lainingi ikishanywa oili haisafishiki, hata uichome moto hata uioshe na petroli, itupe, na sili ibadilishwe kabla hujaweka mpya.

Vifaa. Jeki na stendi mbili za jeki, sio tofali, sio rimu, stendi kweli. Kabari za kuzuia tairi za mbele, nne kama unazo, mbele na nyuma ya kila tairi. Spana ya tairi, boksi spana, mara nyingi 14 na 17 kwa boliti za kalipa na braketi lakini pima yako, na mkono mrefu wa kufungulia maana zile boliti za braketi zinakaa kwa hasira. Bisibisi bapa mbili, moja nyembamba ya kuzungushia nyota, lile gurudumu dogo la meno la kusetia shuu. Plaizi yenye mdomo mrefu, na kama unaweza pata ile koleo maalum ya springi za breki, inakuokoa vidole. Breki klina makopo mawili, mafuta ya kulainisha kutu, brashi ya waya, msasa, grisi ya breki inayovumilia joto, waya mgumu wa kuning'inizia kalipa, barakoa, glavu, miwani. Na boliti mbili za M8, ntaeleza kazi yake. Shuu nunua seti ya pande zote mbili, hazibadilishwi upande mmoja hata siku moja, na ukipata seti yenye springi na pini mpya chukua, springi za zamani zikishapikwa na kutu zinakosa nguvu na ndo chanzo cha shuu kutorudi. Kabla hujafungua gari weka shuu mpya mezani uangalie kama zimefanana upana na mkunjo wa zile zinazotajwa kwa gari yako, na ukishatoa za zamani zilaze moja juu ya nyingine uhakikishe na matundu yanaendana.

Vumbi la breki. Naomba hili lichukuliwe kwa uzito. Shuu za zamani sana zilikuwa na asbesto na huwezi kujua kwa macho iliyopo ndani imetoka wapi, kwahiyo hupulizi na kompresa, hupulizi na mdomo, hufagii na brashi kavu. Unalowesha na breki klina, linatiririka kwenye karai au tambara chini, unafuta, unatupa tambara. Barakoa usoni muda wote.

Haya, gari iwe sehemu tambarare na ngumu. Legeza nati za tairi za nyuma kidogo zikiwa bado chini. Kabari tairi za mbele vizuri sana kwa sababu kazi yote hii inafanyika handibreki ikiwa imeshushwa na gia ikiwa nyutro, yaani gari haina kinachoishika zaidi ya kabari. Wengine wanaiacha kwenye P wakidhani wako salama, halafu wanashangaa kwa nini diski haizunguki, kama gari inasukumwa na tairi za nyuma au zote nne basi P au gia inazifunga. Inua nyuma, weka stendi pande zote mbili kwenye sehemu zinazoruhusiwa, shusha uzito ukae kwenye stendi, tikisa gari kwa mkono kabla hujaingiza kichwa chini. Toa tairi zote mbili lakini fungua upande mmoja mmoja. Upande mwingine ubaki mzima, ndo kitabu chako. Ukisahau springi ilikaaje unaenda kuchungulia kule, ukikumbuka tu kwamba kule mambo yamegeuzwa kama kwenye kioo.

Sasa kabla ya yote nenda ndani ya gari ulegeze waya. Kwenye gari nyingi nati ya kuseti iko chini ya mkono wa handibreki, unatoa kifuniko cha plastiki unaiona, zingine iko chini ya gari pale waya mmoja unapogawanyika kuwa mbili. Ilegeze mpaka waya uwe na ulegevu wa kuonekana. Usiruke hii hatua. Ukiiruka shuu mpya hazitaingia, na hata zikiingia utakuwa unaseti juu ya uongo wa mtu aliyekaza waya kabla yako.

Kalipa. Huna haja ya kutenganisha kalipa na padi. Kwenye gari nyingi fungua zile boliti mbili kubwa za braketi kwa nyuma, kitu chote, kalipa na padi na braketi, kinatoka kwa pamoja kama mtu anavua kofia. Kama diski imechimbika na ukingo unakwamisha padi, sukuma padi ya nje kidogo na bisibisi zipate nafasi. Kininginize kwenye springi kubwa ya gari kwa ule waya mgumu, kisining'inie kwa hozi yake hata dakika moja, hozi inachanika ndani bila wewe kuona na siku inapasuka ni siku unahitaji breki. Na mtu asikanyage breki wakati kalipa iko nje, pistoni itatoka. Kama kuna mtoto anapenda kukaa kwenye usukani, mtoe.

Kutoa diski ndo mahali watu wanavunja vitu. Diski inaweza kukataa kwa sababu mbili tofauti na dawa zake ni tofauti. Ya kwanza, kutu kati ya diski na habu, yaani kile kitovu ambacho diski na tairi vinakalia. Nyunyizia mafuta ya kutu kwenye duara la katikati na kuzunguka studi, subiri, gonga na nyundo ya mpira kati ya studi huku unazungusha diski. Gari nyingi za Japani zina matundu mawili yenye nyuzi kwenye uso wa diski, hapo ndo zile boliti za M8 zinaingia, unakaza huku nusu raundi na kule nusu raundi, zinaisukuma diski yenyewe inaachia kwa mlio wa "pa!". Ukikaza upande mmoja tu unaipindisha. Ya pili, shuu zenyewe ndo zinaishika. Ndani ya dramu ya zamani kunakuwa na mtaro uliochimbwa na shuu na ukingoni kumebaki kama mdomo, shuu zimekaa ndani ya mtaro, ukivuta diski zinagonga ule mdomo. Utaijua hii kwa sababu diski inatoka milimita chache, inacheza cheza, halafu inagoma. Hapo usivute kwa nguvu, utang'oa pini za shuu kwenye bati la nyuma, na bati lenyewe likitoboka umejiongezea kazi ya siku nyingine. Tafuta tundu la kusetia, liko kwenye uso wa diski limezibwa na kipira, au liko nyuma kwenye bati. Zungusha diski tundu lije mbele ya nyota, yaani lile gurudumu dogo la meno, ingiza bisibisi nyembamba uzungushe jino kwa jino. Upande gani? Jaribu meno manne matano halafu zungusha diski kwa mkono, ikiwa imekuwa nzito umekosea, rudi upande wa pili. Endelea mpaka shuu zimesinyaa, diski itatoka bila ugomvi.

Diski ikiwa nje, kabla hujagusa chochote piga picha. Sio moja. Piga ya mbele, piga ya kila springi karibu, piga ya juu na ya chini. Springi ya juu ya mbele na ya nyuma zinaweza kuonekana mapacha kumbe zina rangi tofauti au urefu tofauti, na ndoano yake inaweza kuwa inatazama ndani au nje. Mpangilio unaokutwa kwenye gari nyingi uko hivi: juu kabisa kuna nguzo ambayo shuu zote mbili zinaegemea na springi mbili za kurudisha zinaning'inia hapo, chini ya nguzo kuna kipande bapa cha chuma kinachounganisha shuu mbili, chini kabisa iko ajasta yenye nyota katikati ya shuu, na springi moja inavuta shuu zije pamoja. Katikati ya kila shuu kuna kikombe kidogo na springi na pini inayotoka nyuma ya bati. Nyuma ya shuu moja, mara nyingi ya upande wa nyuma wa gari, kuna mkono wa chuma uliofungwa waya. Yako inaweza kuwa imegeuzwa juu chini, ndo maana ya picha.

Angalia unene wa lainingi sehemu iliyoisha zaidi, sio katikati penye nyama. Shuu hizi hata zikiwa mpya ni nyembamba, lainingi ya milimita 2 au 3 hivi ni kawaida, kwahiyo usishtuke ukadhani umeuziwa iliyotumika. Kikomo kwa magari mengi ni kati ya milimita 1 na 1.5. Ila kama imepasuka, imeinuka kwenye chuma, au imeng'aa kama kioo, unene hauna maana tena. Na dramu nayo ipime, ndani ya diski mara nyingi kumeandikwa kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa, na huwa ni kama milimita 1 tu zaidi ya ikiwa mpya. Ikishapita hapo shuu mpya hazitakaa vizuri, diski hiyo imefika mwisho hata kama uso wa nje unapendeza.

Kutoa: miwani machoni. Springi za juu kwanza, shika na koleo karibu na ndoano, vuta kuelekea nje ya nguzo, achia polepole, springi ikikuponyoka inaruka kwa nguvu ya kutosha kukutoa jicho. Toa kile kipande bapa na springi yake. Halafu vikombe, unashika pini kwa kidole kwa nyuma ya bati, unasukuma kikombe kwa plaizi na kukizungusha robo raundi, kichwa cha pini ni bapa kwahiyo kikilingana na tundu la kikombe kinaachia. Shuu ya mbele inatoka, ajasta inadondoka, shuu ya nyuma inakuja ikiwa na ule mkono na waya. Chomoa kichwa cha waya kwenye mkono, unarudisha springi ya waya nyuma na plaizi kisha unakitoa kwenye ndoano. Kwa baadhi ya magari ule mkono umefungwa kwenye shuu kwa pini na klipu ndogo ya nusu duara, shuu mpya zinakuja bila mkono, unauhamisha, kwahiyo ile klipu usiitupe kabla hujajua kama unayo mpya.

Hapohapo, waya ukiwa huru, mwambie mtu avute handibreki na kushusha huku wewe umeangalia kichwa cha waya. Kinatakiwa kirudi chenyewe au kwa msukumo mdogo wa kidole. Kama kinatambaa na kukwama, waya umekufa, agiza mwingine. Hii ni dakika mbili na ndo inayoamua kama shuu zako mpya zitaungua ndani ya mwezi.

Safisha bati la nyuma kwa breki klina na brashi ya waya ikiwa mbichi. Utaona vituta vidogo vilivyong'aa, kama sita, pale ukingo wa shuu unapotelezea. Kama vimechimbika na kutu vipitishe msasa mpaka viwe laini maana shuu ikinasa kwenye kishimo cha milimita moja hairudi. Paka grisi ya breki kidogo sana kwenye kila kituta, kiasi cha punje ya mchele, na kwenye nguzo, na kwenye pini ya ule mkono. Ajasta fungua yote, safisha nyuzi, paka grisi, ifunge mpaka iwe fupi kabisa na uhakikishe inazunguka kwa vidole. Ajasta ya kushoto na ya kulia usizichanganye, kwenye magari mengine nyuzi zake zinapishana upande, ukizibadilisha kila kitu kitakuwa kinaenda kinyume. Lainingi shika kwa glavu safi, grisi ikigusa ifute saa hiyohiyo na breki klina.

Kurudisha ni kinyume chake na hapa mtu anajifunza uvumilivu. Mimi naanza na shuu ya nyuma, naunga waya, nainua mkono ukae nyuma ya shuu, naweka pini na kikombe. Halafu naunga springi ya chini kwenye shuu zote mbili zikiwa zimelegea, naipeleka shuu ya mbele mahali pake huku naingiza ajasta katikati, pini na kikombe, kipande bapa juu na springi yake, mwisho springi za kurudisha kwenye nguzo. Ya mwisho huwa inakataa, tumia bisibisi imara kama wenzo, ndoano ishuke kwenye nguzo yenyewe, usiivute kwa plaizi mpaka ikanyooka, springi iliyonyooka ni takataka. Ukimaliza shika shuu mbili kwa viganja uzitikise juu na chini, zinatakiwa ziteleze kidogo kwa pamoja na kurudi, na vichwa vya shuu vyote vimekalia nguzo bila nafasi. Linganisha na picha. Linganisha na upande wa pili. Halafu ndo diski, ndani yake iwe imefutwa, na kama ni mpya osha ile oili ya kuzuia kutu inayokuja nayo kiwandani.

Sasa kuseti. Hapa ndo kazi ilipo na naomba usome taratibu. Mpangilio ni huu na haugeuzwi: nyota kwanza, waya mwisho. Nyota inaamua shuu ziko mbali kiasi gani na dramu. Waya kazi yake ni kupeleka mvuto tu. Ukitumia waya kuziba nafasi ambayo nyota ilitakiwa kuiziba, ule mkono ndani unabaki umevutwa nusu hata handibreki ikiwa chini, shuu zinakosa mahali pa kupumzikia, moja inagusa dramu nyingine haigusi, na mvuto unaobaki kwenye mkono wa handibreki ni mdogo. Ndo ile handibreki inayoonekana imekaza kwa juu, kliki tatu tu na ngumu kama jiwe, halafu gari inateleza. Yangu ilikuwa hivyohivyo.

Weka diski, ikaze na nati mbili za tairi, ukibidi weka na washa chini ya nati ili ilale bapa kwenye habu, maana ikikaa upande utaseti uongo. Zungusha nyota mpaka diski igome kabisa kwa mkono. Nenda uvute handibreki na kuishusha mara kadhaa, shuu zijipange katikati, rudi, utakuta diski imelegea tena kidogo, kaza tena mpaka igome. Halafu rudisha nyota nyuma kwa idadi ya meno inayotajwa na kitabu cha gari yako, kuna zinazotaka 3 au 4, kuna zinazotaka 8, kwahiyo usikopi ya jirani. Zungusha diski. Inatakiwa izunguke huru, mguso mdogo wa "shi... shi..." unakubalika kwa shuu mpya, ila isishike sehemu yoyote. Fanya upande wa pili kwa hesabu ileile ya meno. Rudisha kipira kwenye tundu la kusetia, watu wanakisahau halafu maji na mchanga vinaingia ndani.

Pande zote zikiwa sawa, hapo sasa ndo unarudi kwenye nati ya waya. Kaza mpaka ulegevu uishe na uishie hapo, waya usiwe umevuta. Vuta handibreki kwa nguvu ya kawaida, kama unanyanyua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, hesabu kliki. Magari mengi yenye mkono wa katikati yanataka kati ya 5 na 8, kitabu chako kitasema kamili. Kliki ya kwanza taa ya dashibodi iwake. Ukishusha yote, diski zizunguke huru kama ulivyoziacha. Ukiwa na kliki mbili au tatu tu, umekaza waya sana, rudi nyuma. Ukiwa na kumi na kuendelea, usikimbilie waya, rudi kwenye nyota. Mwambie mtu avute kliki moja moja huku unazungusha diski zote mbili, zinatakiwa zianze kuwa nzito karibu kwa pamoja. Moja ikifunga na nyingine bado inazunguka, tofauti iko kwenye nyota au kwenye waya wa upande ule.

Rudisha kalipa na braketi, boliti zikazwe kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu, tairi, shusha, nati za tairi zikazwe kwa kipimo na kwa kupishana. Kabla hujawasha gari kanyaga breki ya mguu mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, kwa sababu kama ulisukuma padi pistoni imerudi ndani na mkanyago wa kwanza hautakuwa na kitu. Hii imewapeleka watu kwenye ukuta.

Shuu mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza, zinatakiwa zikae kwenye dramu. Barabara tupu, kavu, tambarare, kasi ya 50 hivi, bonyeza batani ya mkono wa handibreki na uendelee kuibonyeza usiachie, vuta taratibu mpaka usikie gari inazuiliwa kidogo, iache hivyo kama mita 400, achia, endesha bila kuigusa zipoe, rudia mara mbili au tatu. Usivute kwa nguvu, tairi za nyuma zikifunga gari inageuka. Na angalia kioo cha nyuma kwanza, handibreki haiwashi taa za breki, aliye nyuma yako hajui kama unapunguza. Baada ya hapo hesabu kliki upya, huwa zinaongezeka moja hivi, unaseti tena.

Halafu endesha kawaida kama kilomita 10 bila kutumia breki sana, simama, peleka kiganja karibu na rimu ya kila tairi ya nyuma bila kuigusa. Joto liwe sawa. Upande mmoja ukiwa unakuchoma, shuu zinashika, inua upande huo urudishe nyota jino moja au mawili. Ukishapoa jaribu kwenye mwinuko, mguu ukiwa juu ya pedali ya breki tayari, gia nyutro, achia polepole, pua ya gari ikitazama juu, kisha igeuze ujaribu ikitazama chini, maana shuu zinaweza kushika upande mmoja na kuteleza upande mwingine. Rudi uhesabu kliki tena baada ya wiki mbili tatu, na kama zimeongezeka unajua pa kuanzia.